Ndoo ya Shemeji

Jumamosi ya kwanza ya Mei 2019, uani kwetu Columbus, Ohio, tulikuwa na vyungu vinne vya kaltha (Caltha palustris), mmea wa topeni wenye maua ya njano, kutoka kitalu cha mimea ya asili. Ya porini haichimbwi. Maua yalikuwa yameanza kupukutika, na huo ndio wakati wa kuigawa, kabla jua la Julai halijaikausha.

Kila shina tulilikata vipande vitatu kwa kisu, kila kipande na machipukizi mawili na mizizi yake, myeupe kama tambi. Glavu hazikuvuliwa, maana utomvu wake unawasha. Tukapanda kando ya mtaro, sentimita 30 kati ya mche na mche, shingo ya mmea ikilingana na uso wa tope. Ukiifukia inaoza, ukiiacha juu inakauka.

Mnamo saa nne jirani yetu, mtu wa Tanga, akaingia na ndoo.

"Shemeji, nimekuletea mengine, ya bure. Kwangu yamejaa mpaka chini ya uzio."

Maua ya njano ya kung'aa, majani ya umbo la moyo. Kwa mbali ungesema ndiyo yenyewe. Kilichonishtua ni hilo neno "yamejaa". Kaltha haina haraka hiyo.

Nikageuza ua moja. Chini yake palikuwa na sepali tatu za kijani, yaani vijani vinavyofunika ua kabla halijachanua. Kaltha haina kitu hicho: ile njano yake ndiyo sepali, kwa kawaida tano au zaidi, na petali, zile za rangi katika maua mengine, haina kabisa. Nikausuuza mzizi: vijiazi vimesongamana kama karanga changa, na kwenye makwapa ya majani kuna vipunje vyeupe. Ni Ficaria verna, mgeni kutoka Ulaya. Kila kijiazi kinachodondoka chaweza kuota, na mtaro wetu unashuka hadi kijitoni.

Kwenye mboji haikwenda. Tuliifunga kwenye mifuko ya taka, ndoo nikaikung'utia ndani ya mfuko uleule.

"Kumbe miaka yote namwagilia mwizi," akasema.

Katikati ya Julai majani ya kaltha yaligeuka manjano, yakatoweka. Nyumbani wakataka kung'oa. Nikachokonoa tope kwa kidole. Mizizi ilikuwa migumu, bado myeupe, imelala tu. Nikaendelea kumwagilia.

Aprili iliyofuata vilichipua vipande 9 kati ya 12. Vile vitatu vilikuwa upande wa juu wa mtaro, ambako udongo ulipasuka Agosti.