Mpeni koko kazi: malezi ya Bukavu kupitia simu

Jumapili alasiri, katika nyumba nyingi za Wakongo wa Brussels, mambo huenda hivi. Mama anapiga simu Bukavu, anamwita mtoto, mtoto anachungulia kwenye kioo, anasema "Jambo koko." Koko anauliza, "Masomo iko namna gani?" Mtoto anajibu "Bien," kisha huyo, amekimbia. Sekunde ishirini. Muda unaobaki ni wa wakubwa: nani mgonjwa, nani amefiwa, pesa zimefika au bado. Baada ya miaka mitano ya simu za namna hiyo tunalalamika kwamba watoto waliokulia Ulaya hawana adabu. Wangeitoa wapi?

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa: kwetu bibi ni mke wa mtu. Mzazi wa mzazi, awe mwanamke au mwanamume, huko Kivu tunamwita koko, na Lubumbashi wanasema nkambo.

Koko wa Kadutu au Bagira, mitaa ya Bukavu, hakumlea mjukuu kwa hotuba. Alimpa kazi. Chagua maharagwe, toa mawe. Peleka sahani hii kwa jirani. Shika tochi nione sindano. Maneno yalipita katikati ya kazi, mtoto akiwa na kitu mkononi, wala hakujua kwamba anafundishwa. Simu imeondoa kazi ikabakiza maneno, na maneno matupu kwa mtoto wa miaka minane hayakai. Kwa hiyo kila simu iwe na kazi moja, na mwenye kuiongoza awe koko.

Kwanza saa. Bukavu, Goma na Lubumbashi hazibadilishi saa mwaka mzima. Ubelgiji hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba: wakati wa joto saa zenu ni sawa na za Bukavu, wakati wa baridi Bukavu inatangulia kwa saa 1. Montréal iko nyuma kwa saa 6 wakati wa joto na saa 7 wakati wa baridi. Saa kumi alasiri ya Bukavu (16:00) inafaa kuliko zote. Kanisa limekwisha, watu wamekula, na mwanga bado upo, maana ikifika 18:30 giza limeshaingia na umeme si wa kutegemea. Wakati wa baridi hapo ni 15:00 Brussels na 9:00 asubuhi Montréal.

Pale nyumbani kwa koko awepo kijana mmoja wa kushika simu, na huyo ndiye atumiwe mega, yaani bando la intaneti, si koko. Zitumwe asubuhi ya siku yenyewe. Mega za saa 24 zilizonunuliwa Jumamosi mchana hukata Jumapili kabla mazungumzo hayajakolea. Simu ichajiwe tangu usiku, wakati umeme upo. Koko akae akiutazama mlango ulio wazi, mwanga umpige usoni. Akiupa mgongo, mjukuu ataona kivuli cheusi kinachosema. Simu iegemezwe kwenye sufuria iliyopinduliwa juu ya meza, ifike usawa wa macho. Mkono wa kijana huchoka baada ya dakika tano, na baada ya hapo mtoto huonyeshwa dari.

Kuna kasoro moja inayoharibu heshima bila mtu kujua: sauti hufika imechelewa kidogo. Koko anavuta pumzi, mtoto anadhani amemaliza, anaanza kusema, na kule inasikika kama mtoto anamkata mkubwa kauli. Elezeni pande zote mbili. Anayemaliza aseme "eeh?" na mwingine asubiri neno hilo. Watoto huizoea kanuni hii upesi kuliko sisi.

Halafu lugha. Mzazi, usikae katikati kutafsiri. Ukianza kutafsiri, koko atazungumza na wewe, na mtoto atakuwa mtazamaji. Afadhali uandike maneno sita ya kazi ya siku hiyo kwenye karatasi, uyabandike jikoni tangu Ijumaa. Kwa sombe (kisamvu, majani ya muhogo), kwa mfano: bichi, inachemka, inanuka, punguza moto, onja, imeiva. Maneno sita yakitumika mara kumi kila moja, hayo mtoto atabaki nayo.

Nimetaja sombe kwa sababu sijaona kazi inayoizidi kwa malezi. Ni ndefu, haikubali haraka, na koko anaijua kwa mwili mzima. Katika maduka ya Matonge, mtaa wa Waafrika kule Ixelles, Brussels, utaipata imeshatwangwa na kugandishwa. Chukua pakiti ya gramu 500, iyeyuke usiku kucha ndani ya friji, kwenye bakuli. Chukua sufuria ya lita 4, maji lita moja na nusu, sombe iingie, moto mkali. Dakika 20 za kwanza usifunike. Jani la muhogo lina sumu ya sianidi. Kutwanga huifungua, na kuchemsha huitoa pamoja na mvuke, kwa hiyo ukifunika mapema unairudisha sufuriani. Baada ya hapo punguza moto, acha ichemke dakika nyingine 40 au zaidi, ukiongeza maji ya moto, si baridi, kila inapokauka. Ndipo kinaingia kitunguu kimoja, biringanya moja, pilipili mboga moja, punje mbili za kitunguu saumu na vijiko vinne vya mawese. Nusu saa nyingine, mpaka mafuta yaonekane pembeni mwa sufuria. Chumvi mwishoni. Habari ya karanga imegawa ukoo nyingi, na hapo koko wenu ndiye mwenye kauli.

Msibaki hewani muda huo wote. Pigeni dakika 15 za mwanzo, kateni, pigeni tena saa moja baadaye. Huko katikati mtoto anabaki na sufuria, na hapo ndipo penye malezi.

Angalieni kinachotokea simu ya pili inapopigwa. Koko hawezi kunusa kutoka Bukavu, na sombe huamuliwa kwa pua kabla ya ulimi. Kwa hiyo atauliza: "Inanuka nini sasa?" Mtoto atasema inanuka sombe. Koko hatakubali. "Inanuka majani mabichi, ama inanuka chakula?" Mtoto anarudi sufuriani, anainama, ananusa kwa makini safari hii, anatafuta neno. Anasema inanuka kama nyasi ikikatwa. Basi bado, anasema koko, ongeza maji, ngoja. Mtoto amekuwa pua ya koko, lazima aseme kweli, maana akidanganya wote watakula sombe chungu inayokwaruza koo. Subira, ukweli, kuangalia kitu vizuri kabla ya kujibu: vyote vimepita na hakuna aliyevitaja. Kosa la kawaida ni mzazi kutia mawese mapema ili ipendeze. Harufu ya mafuta hufunika harufu ya jani, na mtoto ananyimwa alama ya kuamulia.

Chakula kikiiva, koko wengi huuliza swali ambalo huku Ulaya tumelisahau: "Mumemuwekea nani?" Sahani ya asiyekuwepo. Mtafute mtu, hata mzee wa ghorofa ya chini. Muulize kwanza kama kuna chakula kinachomdhuru, hasa ikiwa mmetia karanga. Mtoto mwenyewe abebe, kwa mikono miwili, agonge mlango, asalimu, arudi. Mzazi akibeba yeye, somo limemwendea mzazi. Na bakuli la jirani likija kwenu, lisirudi tupu. Hata machungwa mawili yanatosha.

Kunawisha mikono ni kazi fupi na inafaa watoto wa miaka minne au mitano. Jagi la lita moja lenye maji ya uvuguvugu, beseni, taulo begani. Anaanza na mkubwa kuliko wote, anamwaga polepole mpaka aambiwe "aksanti." Ndiyo, bomba lipo hatua tatu tu kutoka mezani. Fanyeni hivyo hivyo, Jumapili peke yake.

Methali zinataka uangalifu. Koko akizimimina tano kwa mara moja, hakuna inayobaki. Mwombeni moja kwa mwezi, na ije wakati jambo lake limetokea. Shule ikituma barua kwamba darasani kuna chawa, ndiyo siku ya "Kidole kimoja hakivunji chawa." Koko aweke kucha mbili za gumba mbele ya kamera, azigonganishe, mtoto ajaribu kwa kidole kimoja aone inavyoshindikana. Usiieleze maana. Ngoja wiki mbili, mtoto akibeba kabati na kaka yake, umuulize koko alisema nini.

Majina nayo ni hazina iliyo karibu. Mtoto anayeitwa Mugisho anatamkiwa vibaya darasani kila siku, na hajui kwamba kwa Mashi, lugha ya Washi wa Bukavu, ni baraka. Murhula ni amani. Kwa Wanande wengi wa Goma, jina humwambia msikilizaji nafasi ya kuzaliwa: Kambale ni mvulana wa pili, Kasereka wa tatu. Kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni mapacha. Koko aulizwe: nani alichagua jina hili, siku ile kulitokea nini? Mtoto mkubwa kidogo atauliza pia kwa nini koko anaitwa kwa jina la ubatizo kanisani na halimo katika karatasi zake za zamani. Hapo koko ana la kusimulia juu ya 1972, Rais Mobutu alipopiga marufuku majina ya Kikristo. Na atauliza kwa nini yeye na dada yake hawana jina moja la ukoo kama wenzake shuleni. Jibu ni kwamba kwetu kila mtoto aliweza kupewa jina lake, jina la mtu fulani, ili mtu huyo asipotee.

Utani uelezwe mapema, usije ukaleta matatizo. Koko mwanamume humwita mjukuu wa kike "bibi yangu", koko mwanamke humwita wa kiume "bwana yangu", anamdai mahari, anamlaumu kwa kutompelekea zawadi. Mtoto aliyekulia Ulaya anaweza kuogopa, au kurudia neno hilo shuleni na mwalimu akashtuka. Mwambie kwamba ni mchezo wenye kanuni: naye anaruhusiwa kujibu, "Bwana gani hata meno hana!" Kwa mzazi hawezi kusema hivyo, kwa koko anaweza. Mlango huo wa utani ndio mtoto atakaoupitia baadaye akiwa na jambo asiloweza kukuambia wewe, kwa hiyo usiufunge.

Msimfanye koko kuwa polisi. "Nitamwambia koko" ikitumika kama fimbo, mtoto ataikimbia simu. Kama kuna kosa, zungumza na koko peke yenu siku mbili kabla, na umweleze wazi kwamba neno "mchape" likifika shuleni linaweza kuleta maafisa mlangoni. Koko wengi huelewa wakielezwa sababu, na wana njia nyingine: hatagusia kosa, atamwagiza mtoto afanye kazi pamoja na yule aliyemkosea. Vivyo hivyo, habari ya pesa iwe na simu yake, katikati ya wiki, mtoto hayupo. Vinginevyo atajifunza kwamba koko ni jina la tatizo. Na tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, msimuulize koko mbele ya mtoto habari za askari na barabara. Simu haina siri, na uso wake utasema hata kama mdomo umenyamaza.

Likizo za kupeleka watoto zimekatika kwa wengi wetu, kwa hiyo kilichopo kihifadhiwe. Ujumbe wa sauti wa koko unaweza kupotea siku unapobadilisha simu. Uhamishe siku ile ile, uupe jina linaloanza na tarehe, mfano 2025-11-09-koko-jina-la-Mugisho, nakala mbili, moja kwa ndugu anayeishi nchi nyingine. Watu wa Goma wanajua kwa nini: tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na nyumba zilizoungua ziliondoka na albamu zake. Yule kijana mwenye mega azipige picha zile za zamani mchana, kando ya dirisha, bila mwanga wa simu, kila moja mbele na nyuma, kwa sababu nyuma ndiko kulikoandikwa kwa kalamu jina na mwaka. Aanze na zile za zamani kabisa, ambazo watu wake wanatambuliwa na koko peke yake, na mjukuu aandike majina hayo kadiri koko anavyoyataja.