Siku yangu na watoto wa darasa la awali, kijijini Usukumani

Saa 12:45 asubuhi. Nafika mapema ili nipate muda wa kupanga kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya kuchezea, kabla watoto hawajaingia. Nafundisha darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali, mkoani Shinyanga. Mwongozo unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nina 78 katika chumba kimoja. Tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016 watoto wamefurika madarasani, nami nafurahi kwamba wamekuja. Namwaga vizibo vya soda kwenye mkeka, natoa vitabu vya picha, naukanda udongo wa kichuguu niliouloweka jana.

Saa 1:30. Nawapokea mlangoni mmoja mmoja. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, umeamkaje?" Huku tunasalimiana natazama macho, pua, masikio, na nani amekuja na njaa. Huyu aliyeletwa na dada yake wa darasa la tatu ana miaka minne, kwa sababu nyumbani hakuna wa kubaki naye. Anayemfuata amebakiza miezi michache atimize sita. Kwa mtoto wa miaka minne, mwaka mmoja ni robo ya maisha yake yote. Nikiwapa penseli wote wawili na kudai herufi zinazofanana, nitakuwa nimemwonea mmoja wao.

Saa 2:00. Wimbo wa salamu, kisha hadithi, tukiwa tumekaa duara. Vipindi vyetu ni vya dakika 20, na kwa umri huu zinatosha.

Saa 3:00. Kona za kujifunzia. Hiki ndicho kipindi ninachokitegemea kuliko vyote, maana wakiwa wanacheza kwa makundi napata nafasi ya kumtazama mmoja mmoja.

Kona ya hesabu yuko mtoto ambaye siku zote huchunga mbuzi na kaka zake. Kwenye duara hafungui mdomo. Leo nimemwekea mbegu na ubao wa isolo, bao letu la huku, nikakaa pembeni kimya. Amegawa mbegu shimo kwa shimo akihesabu kwa Kisukuma, bila kuruka hata moja, na mwenzake alipokosea akamrudisha nyuma. Hesabu anayo tayari. Anachohitaji ni Kiswahili, nacho kitakuja iwapo hatutamchekea. Nimemkalisha na rafiki anayezijua lugha zote mbili, na mimi namjibu kwa Kisukuma kwanza.

Kona ya kuchora kuna binti anayetumia mkono wa kushoto. Bibi yake alikuwa akimkataza, akiamini ni utovu wa adabu. Tulizungumza kwa heshima, tukakubaliana: kula na kusalimia watu ni mkono wa kulia, kuandika ni ule unaomtii. Sasa namkalisha mwisho wa benchi upande wa kushoto ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani. Mistari yake imeanza kunyooka.

Lakini aliyenishughulisha leo ni binti ambaye wenzake humwita mkaidi. Ukimwita, anaendelea na lake. Nilisimama nyuma yake nikagonganisha vizibo viwili polepole. Wenzake waligeuka, yeye hakugeuka. Nikahamia upande wake wa kushoto, nikamwita kwa sauti ya kawaida, akaniangalia mara moja. Nilipoinama karibu na sikio la kulia nikasikia harufu, na ukingoni kulikuwa na usaha uliokauka. Mtoto huyu amekuwa akigombezwa kwa maneno ambayo hayamfikii! Papo hapo nimempa nafasi mbele, sikio zima likielekea kwangu, na nimeanza kusubiri anitazame usoni kabla sijasema naye.

Saa 4:00. Uji. Mahindi wamechanga wazazi, na siku ya uji mahudhurio huwa mazuri.

Saa 4:30. Michezo ya nje, kisha kunawa mikono.

Saa 6:00. Wazazi wanachukua watoto. Baba mmoja ananisubiri chini ya mwembe. Mwanawe anasoma silabi tayari, na swali lake ni lilelile la kila muhula: "Mwalimu, amekuwa wa ngapi?" Namweleza kwamba awali hatupangi nafasi, tunaandika mtoto anaweza nini na anahitaji msaada wapi. Anataka mwanawe arushwe darasa la kwanza. Namwambia nilichokiona: anasoma vizuri, ila akinyang'anywa kizibo analia mpaka kipindi kiishe, hajui kuomba wala kusubiri zamu. Kuhusiana na wenzake ni sehemu ya mtaala wetu kama zilivyo hesabu. Nimempa kitabu kigumu zaidi aende nacho nyumbani, na hapa darasani nimemkabidhi kazi ya kugawa vikombe vya uji. Baba amekubali asubiri hadi mwisho wa mwaka.

Saa 8:00 mchana. Daftari la maendeleo. Siwezi kuwaandika wote 78 kwa siku moja, kwa hiyo kila siku nachagua wachache, na kila mmoja nampa mistari miwili mitatu: alifanya nini, alikwama wapi, kesho nijaribu nini. Wazo hili natamani kila mwalimu wa awali alishike, kwa sababu haligharimu chochote zaidi ya kalamu na subira.

Saa 10:30 jioni. Napita nyumbani kwa yule binti. Mama yake anasema sikio limekuwa likitoa maji tangu masika, na jirani alishauri mafuta ya kula yaliyopashwa moto. Nimemsihi asitie kitu chochote sikioni, wala kijiti. Zahanati iko karibu na gulio, naye Alhamisi anakwenda gulioni kuuza nyanya, atampitisha. Nimemwandikia mganga karatasi ya kubeba: sikio la kulia, usaha, haitiki akiitwa kutoka nyuma.