Mtaa niliokuwa nauombea bila kuujua

Bwana asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka barabarani sio mezani, mnivumilie.

Mwaka jana daktari aliona presha yangu akasema fanya mazoezi dakika 30, siku 5 kwa wiki, kutembea kunatosha. Mi nikaona kutembea ni kwa wagonjwa, nikaanza kukimbia. Hedifoni masikioni, macho kwenye saa, nahesabu kilomita. Miezi mitatu nimepita mtaa wangu mwenyewe kila asubuhi na ukiniuliza nimeona nini ningekwambia mashimo na mbwa wawili, basi.

Afu goti likagoma. Nikalazimika kutembea, na hedifoni nikaacha maana mziki wa kukimbilia haufai kwa mtu anayechechemea. Wiki ya kwanza tu nikagundua kuna kichochoro nyuma ya nyumba yetu ambacho sijawahi kupita, na huko kuna nyumba kila alfajiri mashuka yapo kwenye kamba, mengi, kila siku, mpaka nikajiuliza hawa wanafua nini. Siku nilipopata ujasiri wa kusalimia yule dada akaniambia ana mama yake hatoki kitandani mwaka wa pili sasa. Hatua kama mia mbili kutoka ninapopigia magoti. Na mi kila jioni naombea "majirani zetu wote Bwana", hivo hivo kwa jumla, kama mtu anayefagia vumbi chini ya mkeka.

Ndo nikamkumbuka Nehemia. Huyu mtu alishapewa ripoti akiwa Shushani, mbali huko Uajemi, Hanani nduguye alimweleza kila kitu kuhusu ukuta wa Yerusalemu uliobomoka, akalia, akafunga, akaomba tangu mwezi wa Kisleu mpaka Nisani, yaani kama miezi minne hivi. Ungedhani akifika Yerusalemu atapanda jukwaani moja kwa moja. Wapi! Alikaa siku 3 kimya, afu usiku akatoka na watu wachache akaanza kupita, lango la bondeni, lango la jaa, anaangalia palipobomoka na palipoungua. Kuna sehemu karibu na birika la mfalme mnyama wake akakosa nafasi ya kupita (Nehemia 2:14). Biblia haisemi kama alishuka ila mi naona lazima alishuka, kifusi hakisomeki ukiwa juu ya mnyama. Na baada ya hapo ndo akafungua mdomo kuwaambia watu tujenge.

Na ukiendelea sura ya 3, ile ambayo wengi tunairuka kwa sababu ya majina, utakuta mara kadhaa fulani akajenga kuielekea nyumba yake, fulani naye kuielekea chumba chake. Kila mtu kipande kilichokuwa usoni pake! Hapo nilikaa sana. Mi kipande changu nilikuwa nakipita kwa spidi.

Wakimbiaji msinichukie, Yeremia 5:1 Mungu mwenyewe anasema watu wapige mbio njia za Yerusalemu, lakini angalieni walitumwa kutafuta nini: mtu, hata mmoja atendaye haki. Sio kutafuta muda bora. Goti limepona sa hivi, nakimbia siku 2 na kutembea 3, na zile za kutembea ndo naombea, geti kwa geti, macho wazi, sauti ya chini watu wasidhani nimechanganyikiwa.

Kuna mzee mmoja hukaa nje ya geti lake kila asubuhi kwenye kiti cha mbao. Kumbe alikuwa ananipungia mkono tangu enzi za hedifoni, mi sijui. Juzi kiti hakina mtu, jana hakuna, leo nikapita nikafika mbele nikarudi, nikapiga hodi. Akafungua mwenyewe, mafua tu. Nikamwambia shikamoo mzee, nilikuwa na wasiwasi, nikajitambulisha jina, miaka sita tunakaa mtaa mmoja. Akacheka mpaka akakohoa, akasema humu ndani sisi tunakuitaga Mkimbizi, tulikuwa tunajiuliza kila siku unamkimbia nani.