Kinachoponya Katika Kikao cha Miondoko

Baada ya kufiwa na mama, niliweza kuzungumzia msiba ule bila kutokwa na chozi, lakini mabega yangu yalikuwa yamekakamaa na pumzi ilikuwa ikiishia kifuani, ndipo rafiki aliponialika kwenye kikao cha tiba ya miondoko, yaani tiba inayotumia dansi na mwendo wa mwili kutuliza nafsi. Nimeendelea kuhudhuria tangu wakati huo, na ninaamini kwamba kinachoponya pale si uzuri wa dansi wala jasho, bali ni kule kujibiwa na mwili wa mtu mwingine.

Aliyeweka msingi wa tiba hii ni Marian Chace, mcheza dansi Mmarekani aliyeanza mwaka 1942 kufanya kazi na wagonjwa katika hospitali ya akili ya St. Elizabeths mjini Washington, wakati dawa za maradhi hayo tunazozijua leo zilikuwa bado hazijapatikana. Miongoni mwa wagonjwa hao walikuwamo askari wa Vita Kuu ya Pili, na watu walioacha kabisa kusema. Chace hakuwafundisha hatua za dansi. Alimtazama mgonjwa aliyekuwa akiyumbayumba peke yake, akaupokea mwendo ule mwilini mwake, si kwa kumwigiza bali kwa kumjulisha kwamba ameonekana, kisha akaukuza taratibu mpaka waliosimama duara wakaushiriki. Chama cha wataalamu wa fani hii nchini Marekani kilipoanzishwa mwaka 1966, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Katika vikao vyetu tunavua viatu, tunasimama duara na kuanza kwa kuvuta pumzi. Mwongozaji hatuulizi habari za msiba; anatuuliza uzito umekaa wapi mwilini. Siku moja mikono yangu ilianza kusukuma hewa mbele yangu, mwenzangu akasukuma vilevile, kwa nguvu ileile, na kilio kilichogoma tangu mazishi kikanijia. Hakuna aliyeninyamazisha, na kwa mtu aliyezoea kuambiwa ajikaze, hilo lilikuwa jambo kubwa sana.

Ninaipenda pia njia ya Mary Whitehouse, mwalimu wa dansi Mmarekani, aliyoikuza kuanzia miaka ya 1950, ambapo mmoja hufumba macho na kusubiri mwili wenyewe utake kusogea, huku mwingine akiwa shahidi anayetazama bila kuhukumu.

Nyumbani, kabla ya kulala, husimama peku sakafuni na kuuacha mwili ujinyooshe unavyotaka. Hunisaidia, ingawa hapo hakuna wa kunijibu.

Hata hivyo, mwenye sonona kali asiache dawa zake kwa sababu ya vikao hivi, na aliyewahi kutendewa ukatili anaweza kuzidiwa na kumbukumbu mara tu anapofumba macho. Kwa hiyo, kabla ya kujiunga, muulize mwongozaji amesomea wapi, na atafanya nini mtu akizidiwa katikati ya kikao. Asipokuwa na jibu la wazi, tafuta mwingine.