Vipande vya ndege: Alhamisi moja ya fundi cherehani

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kipo Ngamiani, Tanga, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, mbele ya duka la nafaka. Huu ni mwaka wangu wa 14 kwenye kazi hii. Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya bajaji nimepakata mfuko wa nguo za watu, nikamsikia dada mmoja akimwambia mwenzake kwamba mafundi cherehani wote ni waongo, wanasema njoo kesho, kesho haifiki. Wakacheka wote wawili. Nilinyamaza, lakini neno lile lilinikaa kooni mpaka leo. Ndiyo maana naandika siku yangu ya Alhamisi iliyopita kama ilivyokwenda.

Saa 11 kasoro robo alfajiri. Naamka kabla ya adhana. Naswali, nabandika chai, nakoroga uji, napiga pasi sare mbili za shule. Mume wangu hufanya kazi ya kupakia mizigo na wiki hii yuko zamu ya usiku, kwa hiyo tunapishana mlangoni yeye anaingia, mimi natoka. Wiki nzima tunaonana hivyo. Tunasemezana mambo matatu tu: watoto wamekula? Luku ina yuniti ngapi? Umelala?

Saa 1 asubuhi. Nafungua. Binti ninayemfundisha kazi keshafagia kibaraza, tunatoa cherehani nje pamoja. Ninazo mashine mbili. Moja ni Butterfly nyeusi ya kukanyaga kwa miguu niliyoachiwa na shangazi yangu, ya pili ni ovaloki ya umeme, ile ya kufunga kingo za kitambaa ndani zisichanike nyuzi, niliyoinunua kwa pesa ya mchezo, zamu yangu ilipofika. Ile ya shangazi huanza na mafuta. Tone moja moja kwenye kila kitundu, kisha nashona kitambaa chakavu mistari kumi, kumi na tano, mpaka uzi utoke mkavu. Ukiruka hatua hiyo, tone moja la mafuta litadondokea gauni jeupe la mtu na siku yako imeharibika. Hiki ndicho kitu cha kwanza nilichomfundisha binti huyu, hata kabla ya kutunga uzi kwenye sindano.

Kuanzia saa 2 mpaka saa 4 nilikunga doti 7 za kanga, nikabadilisha zipu 3, nikapunguza kiuno cha suruali ya mzee wa duka la nafaka na kurudishia mkanda wa begi la shule. Asubuhi ya kawaida. Kanga hazinipi pesa nyingi, nakunga moja kwa shilingi 500, ila ndizo zinazonunua mboga ya nyumbani, na pia nazipenda. Doti unaletewa kanga mbili zimeshikana, unakata katikati, kisha unakunja pindo mbichi mara mbili, nyembamba, bila kuvuta. Ukivuta, kanga inajipinda pembeni kama jani la mgomba juani. Na katikati ya kazi unasoma majina. Siku nyingine jina moja linatufanya mimi na binti tukae robo saa tunajiuliza huyu mama anampelekea nani ujumbe.

Saa 4. Chai na vitumbua viwili, nimesimama. Alhamisi hatukai. Kanzu za Ijumaa zinafuatwa jioni, nguo za harusi za Jumamosi zinajaribiwa, na wateja wote wa wiki nzima wanakumbuka siku hiyo hiyo kwamba wana nguo kwa fundi. Jumatatu na Jumanne barabara iko kimya, naweza hata kumshonea mwanangu kitu. Alhamisi hakuna.

Saa 5 hivi akaja mama wa kitenge cha ndege.

Nirudi nyuma kidogo. Mama huyu alileta kitenge Jumamosi iliyotangulia, sare ya upande wa bwana harusi. Kitenge kizuri sana, cha buluu, kimejaa ndege wa rangi ya dhahabu, kila mmoja mkubwa kuliko kiganja changu, na wote wanatazama juu. Alinionyesha picha kwenye simu: gauni la kufagia chini, mikono mirefu yenye marinda. Nikapima kitambaa mbele yake kwa futi kamba. Yadi 3, yaani inchi 108. Yeye kutoka begani mpaka kwenye kisigino ni inchi 56. Mbele na nyuma peke yake ni inchi 112, bado hujagusa mikono. Nikamwambia, "Mama, hiki hakitoshi. Ongeza yadi mbili, au tupunguze." Akasema muuza duka alimwambia kinatosha, na madukani kimeisha. Tukakubaliana: urefu inchi 48, mikono mifupi, mkanda wa kiunoni. Nikaandika kwenye daftari. Akaacha kianzio.

Kukata kitenge kile kulinichukua saa nzima. Watu wanadhani ufundi uko kwenye cherehani. Ufundi uko kwenye mkasi, kwa sababu mshono unafumuliwa lakini mkasi ukishapita umepita. Kama kingekuwa kitambaa cha maua yaliyotawanyika, ningegeuza kipande kimoja kichwa chini, nikabana hapa na pale. Ndege hawageuziki. Ukigeuza, mtu anatembea harusini na ndege mgongoni wanaanguka kichwa chini. Ikabidi vipande vyote vitazame juu, na ndege mmoja mzima nimweke katikati ya kifua, wala asiangukie upande. Nilikata nimeshika pumzi.

Basi Alhamisi akaja kujaribu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nguo yangu?"

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka. Lilimkaa. Nasema hivi bila kujisifu, lilimkaa kama alizaliwa nalo. Akajigeuza kwenye kioo mara mbili, akajishika kiuno, akatabasamu. Nikadhani tumemaliza. Kisha akaniuliza, "Na kitambaa kilichobaki?"

Nikampa mfuko. Kila mteja namfungia vipande vyake, chochote kinachozidi kiganja changu kinarudi kwa mwenyewe. Akachungulia ndani, akanitazama.

"Hivi tu?"

"Ndivyo vilivyobaki, mama."

"Yadi 3, fundi. Mikono mifupi. Nguo yenyewe haifiki chini. Halafu unanipa vijitambaa vya kufutia meza? Nyie mafundi mnajua wenyewe mnavyofanya. Keshokutwa nitamkuta mtoto wako amevaa kitenge changu."

Alisema kwa sauti. Kwenye duka la nafaka watu walikuwa wanapima mchele, wakageuka. Binti akaacha kukanyaga cherehani. Mimi nimewahi kuambiwa nimechelewesha, na kweli nilichelewesha. Nimewahi kuambiwa nimebana sana kifua, na kweli nilibana, nikafumua. Haya nayakubali. Lakini mwizi sijawahi kuwa, na kumtaja mtoto wangu kulinichoma.

Nikamwomba avue gauni. Nikatandika mkeka pale kibarazani, nikalilaza gauni, nikamwaga vipande vyote, mpaka vile vya kutupa vilivyokuwa kwenye kikapu cha chini ya meza. Nikaanza kumpangia. Huu ni mviringo wa shingo, nikauweka shingoni. Huu ni mpindo wa kwapa la kulia, huu wa kushoto. Hizi kamba mbili ndefu ni za pembeni, kuanzia kiunoni kushuka. Mikono hii hapa ilitoka pembeni mwa mabega, tazama ndege hawa nusu. Kulikuwa na kipande kidogo chenye mdomo wa ndege peke yake. Nikakisogeza mpaka begani mwa gauni, mdomo ukakutana na kichwa chake. Mzee wa nafaka alikuwa ameshasogea, amesimama na kopo lake la kupimia, akasema "Eeh!" kwa sauti ya chini.

Nikageuza gauni ndani nje nikamwonyesha mishono: kila upande nimemwachia inchi nzima ya akiba, ili mwakani akinenepa aniletee nimwachie. Hiyo nayo ni kitambaa chake, kimelala ndani ya nguo yake. Nikachukua futi kamba nikapima kutoka mwanzo wa mkeka. Ukijumlisha mapindo na mishono, yadi 3 zilikuwa pale zote, zimelala zinatutazama.

Dakika 40 zilikwenda. Dakika 40 za Alhamisi, na nyuma ya yule mama watu wanne wamesimama.

Akasema, "Haya, nimeona." Kisha akasema mkanda wa kiuno niuongeze kidogo. Nikauongeza. Akalipa kiasi kilichobaki, akachukua gauni na mfuko wa vipande, na vile vya kikapuni pia akaviomba. Nikampa. Samahani sikuisikia. Labda ilimshinda kuitoa mbele ya watu, sijui. Nilikwenda nyuma ya pazia nikanawa uso, nikarudi.

Umeme ulikatika baada ya adhuhuri, na hapa ndipo nataka yule dada wa kwenye bajaji anisikilize. Nilikuwa na suruali ya kitambaa cheusi ya binti mmoja anayefanya kazi ofisini, ana usaili Ijumaa asubuhi. Nilimwambia Alhamisi saa 10 iko tayari. Nilipomwambia nilikuwa nimepiga hesabu yangu: kukata Jumatano, kushona Alhamisi asubuhi, ovaloki mchana. Mashine ya miguu haijali umeme, lakini ovaloki bila umeme ni chuma tu, na kitambaa kile kinachanika nyuzi ukikishika. Kabla ya hapo mama wa ndege alikula dakika zangu 40. Kabla yake alikuja bibi mmoja ameshika kaptula ya mjukuu imepasuka nyuma, mtoto kasimama amejifunga kanga, atarudi shule vipi? Unamwambia bibi apange foleni? Nikaishona. Dakika 10.

Ahadi ya fundi imejengwa hivyo. Inategemea umeme, uzi wa rangi ile uwepo dukani, mteja wa mbele yako aje kujaribu siku aliyosema, na mwanao asiamke na homa. Moja ikiteguka, zote zinateguka. Na nitasema ukweli wote: tatizo lingine ni letu wenyewe. Tunapokea kazi nyingi kuliko mikono yetu, hasa Ramadhani inapokatika na Januari shule zinapofunguliwa, kwa sababu ukimrudisha mteja leo na mwezi ujao hana nguo ya kushona, utakula nini? Tunaposema njoo kesho tunaamini hiyo kesho. Mimi naiamini kila mara.

Binti wa usaili alikuja saa 10. Nikamwonyesha suruali imekamilika isipokuwa ndani. Hakunigombeza, na ningependa angenigomba, kwa sababu alishika mkoba wake tu akasema, "Sawa dada, nitavaa ile ya zamani." Nikamwambia asikate tamaa, umeme ukirudi nitampigia.

Jioni sikumbuki vizuri ilivyopangana. Kanzu nane zilifuatwa, saba zilikuwa tayari, ya nane niliishonea vifungo mwenyewe akisubiri. Pasi tulitumia ya mkaa. Mguu wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kuanzia kwenye kifundo. Giza lilipoanza kuingia, nilitunga uzi mara tano binti akinimulikia kwa tochi ya simu, macho yanakataa, mpaka akanichukulia sindano mkononi akaitunga yeye mara moja. Mwaka jana alikuwa hawezi. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia pesa ya siku ile.

Tulifunga baada ya isha.

Nyumbani mume keshaondoka, watoto wamekula kwa dada yake. Kila Alhamisi usiku rafiki zangu wawili huja, tunakaa barazani tunashona kofia za viua kwa mkono. Watu wananishangaa, kutwa unashona na usiku tena? Lakini kofia ni kitu kingine. Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyenifundisha. Yeye alikuwa mtu wa Pemba. Unachora ua kwa kalamu kwenye kitambaa cheupe, unatoboa tundu dogo, unalizungushia uzi mpaka lisimame gumu kama jicho. Kiua kimoja, kisha kingine, mamia mpaka kofia ikamilike. Hakuna anayesubiri. Hii ninayoshona ni ya mume wangu, niliianza baada ya Idd iliyopita. Tulizungumza habari za mtoto wa rafiki yangu mmoja aliyepata nafasi ya chuo, tukacheka sana, na habari ya ndege niliwasimulia mwishoni kabisa. Mmoja wao alinishika bega tu.

Nilimaliza viua vinne kwa mwanga wa taa ya chaji.

Saa 4 na dakika 20 usiku taa za barabara nzima ziliwaka, watoto wa majirani wakapiga kelele. Niliweka kofia chini, nikamwandikia binti wa ofisini: "Dada, umeme umerudi. Usaili ni saa ngapi?" Akajibu palepale: saa 3. Nikamwandikia apite kibarazani saa 1 na nusu, nikatega simu iniamshe saa 10.