Fuata akina mama: nasaba ya makabaila wa Ayalandi niliyoianzia Elementaita

Nyanya yangu mzaa mama alikua bingwa wa nasaba. Ukimtajia mtu yoyote wa mtaani kwetu hapa Mombasa anakwambia huyo nyanya yake na nyanya ya fulani walinyonya ziwa moja, na yule fulani mkewe ni binti wa ami yake, kwahivo usimseme vibaya mbele ya huyu. Sikumsikiliza vya kutosha alipokua hai na hilo linaniuma mpaka leo. Lakini kitu kimoja kilinikaa, alikua akisema ukitaka kujua watu walioana kwanini usiulize baba zao, uliza mama zao.

Sasa mwaka jana tulikua njiani kwenda Nakuru gari ikapata pancha karibu na ziwa Elementaita, na mzee mmoja aliekua akichunga hapo akatuonyesha upande wa Kekopey akasema kule kuna kaburi la mzungu wa zamani, Galbraith Cole. Jina likanikaa kichwani. Galbraith ni jina gani hilo? Si John, si George. Nikafika nyumbani nikaanza kutafuta na nikajikuta kwenye daftari la pili, manake hii famili haina mwisho.

Galbraith Cole na nduguye Berkeley Cole walikua watoto wa Earl wa Enniskillen, kabaila wa kaskazini ya Ayalandi. Dada yao, Lady Florence, aliolewa na Lodi Delamere mwaka 1899, ndio yule Delamere wa Njoro na Soysambu ambae kila Mkenya amelisikia jina lake. Kwahivo hao Cole wawili kwa Delamere ni mashemeji, na ukilijua hilo ule mpangilio wa mashamba ya Bonde la Ufa unaanza kueleweka kama mambo ya ukweni, sio wazungu tu waliotoka huku na kule wakakutana.

Nyumba ya kwao Ayalandi inaitwa Florence Court, iko Fermanagh. Mimi nilidhani imeitwa kwa sababu ya dada yao. La, ni kinyume. Karne ya 18 mwanzoni kulikua na bwana John Cole alieoa mwanamke wa Kiingereza anaitwa Florence Wrey, nyumba ikapewa jina la yule mke, na zaidi ya miaka 150 baadae jina likamrudia msichana ambae akaja kuishi Njoro. Yaani bibi harusi mmoja ameacha jina kwenye jumba na kwenye kitukuu cha vitukuu, na ukisoma ile orodha ya ma-Earl peke yake humuoni kabisa.

Na Galbraith je? Hapo ndipo nyanya yangu alinisaidia. Earl wa kwanza wa Enniskillen mwaka 1763 alimuoa Anne Lowry-Corry, na baba yake Anne alikua akiitwa Galbraith Lowry-Corry. Anne akampa mwanawe mmoja jina la babake, Galbraith Lowry Cole, akaja kuwa jenerali mkubwa. Babake wale wawili wa Kenya, yule Earl wa nne, na yeye aliitwa Lowry. Kwahivo yule mtu wa Kekopey ni kilembwe cha Anne na kilembwekeza cha huyo Galbraith wa mwanzo. Hawa watu wana tabia ya kuchukua ukoo wa mama na kuufanya jina la kwanza la mtoto, ukishaijua tabia hiyo basi kila jina la ajabu unalokutana nalo linakuambia nenda kaangalie mama ametoka wapi.

Ngoja nieleze kwanini walioana wao kwa wao hivi. Hawa walikua Waprotestanti wenye asili ya Uingereza waliokua na ardhi tele Ayalandi, na waliowazunguka wengi sana walikua Wakatoliki. Sheria zenyewe ziliwafungia mlango, mwaka 1697 ilipita sheria ya kumzuia binti wa Kiprotestanti mwenye urithi asiolewe na Mkatoliki, na mwaka 1704 ikaja nyengine, Mkatoliki akifa ardhi yake lazima igawanywe kwa watoto wote wa kiume isipokua mkubwa akibadili dini, alafu wao wenyewe ardhi yao wakaiweka iende nzima kwa mtoto wa kwanza wa kiume. Sisi huku pwani mirathi inagawanywa na ndio maana wazee walipenda mtoto wa ami amuoe mtoto wa ami shamba lisitoke nje. Kule shamba haligawanyiki lakini mahari ya msichana ni pesa nzito, na majumba ya kupeleka posa ni machache, kwahivo unazunguka unarudi palepale. Mlango tofauti, chumba kimoja.

Turudi kwa jenerali Galbraith Lowry Cole. Huyu alimposa msichana anaitwa Kitty Pakenham, binti wa Lodi Longford wa Westmeath, Kitty akakataa. Moyo wake ulikua kwa kijana mwengine aliemposa kabla, Arthur Wellesley, mzaliwa wa Ayalandi mwaka 1769, ambae kaka yake Kitty alimkatalia karibu na 1793 kwa sababu hana kitu. Kijana akaenda India akarudi 1805 na jina na pesa, wakaoana Dublin mwezi wa nne 1806, na ndugu mmoja wa Arthur ambae ni kasisi ndie aliefungisha ndoa. Huyo Arthur ndie Duke wa Wellington aliemshinda Napoleon. Kwa masikitiko ndoa haikuwa ya raha, wakapata watoto wawili wa kiume na Kitty akafariki 1831.

Cole hakuweka kinyongo. Akapigana chini ya amri ya Wellington Uhispania miaka mingi, na huko huko alikuwepo Edward Pakenham, kaka yake Kitty mwengine. Kwahivo fikiria kambi moja, kamanda, shemeji yake, na mtu aliekataliwa na mke wa kamanda. Cole hakuwepo hata Waterloo, pale Napoleon aliposhindwa, kwa sababu tarehe 15 Juni 1815, siku tatu kabla ya vita, alikua akioa. Edward Pakenham yeye alishauawa New Orleans akipigana na Wamarekani Januari mwaka huo huo, na mkataba wa amani ulikua umeshatiwa saini Ghent tarehe 24 Disemba ila habari haijavuka bahari.

Cole baadae akawa gavana wa Morisi kisha Rasi kule Afrika Kusini, kwahivo miaka ya 1820 jina Galbraith Cole lilishafika kwenye bahari yetu hii kabla ya mtu wa Kekopey kuzaliwa.

Nisiwapite Edgeworth, walikua jirani wa Pakenham. Richard Lovell Edgeworth alioa mara nne akazaa watoto 22. Mke wa nne, mwaka 1798, ni Frances Beaufort, na kaka yake Frances ndie Francis Beaufort wa kile kipimo cha upepo cha 0 mpaka 12 ambacho mabaharia wanakitumia mpaka leo. Mwaka 1838 huyo Francis akamuoa Honora, binti wa Edgeworth kwa mke mwengine. Sasa kaa uhesabu, dada yake wa kuzaliwa amekua mama mkwe wake wa kambo. Nilipomsomea mamangu alinyamaza kidogo alafu akasema basi harusi hiyo dada alikaa upande gani.

Lakini ilioniliza, na ninasema kweli, ni Louisa.

Louisa Lennox aliolewa 1758 na miaka 15 na Thomas Conolly wa Castletown, jumba kubwa karibu na Dublin. Conolly huyu si ukoo wa zamani, lile jumba lilianzwa 1722 na mjomba... samahani, kaka yake babu yake, mtu aliepanda kutoka chini kwa kununua ardhi mpaka akawa spika wa bunge. Louisa na Thomas hawakujaaliwa mtoto. Dada mkubwa wa Louisa, Emily, aliolewa jirani tu, Carton, na Duke wa Leinster, akazaa watoto 19, mume alipofariki akaolewa na mwalimu wa watoto wake akazaa watatu tena. Mmoja wa wale watoto ni Lord Edward FitzGerald. Kwahivo Louisa kwa Edward ni mama mdogo, tena mama mdogo asie na wake.

Upande wa mumewe, Thomas alikua na dada anaitwa Caroline, na binti wa Caroline, Emily Hobart, aliolewa 1794 na Castlereagh. Kwa huyu binti Louisa ni mkaza mjomba. Weka haya mawili kichwani.

Mwaka 1798 Ayalandi ikawaka. Lord Edward alikua mmoja wa viongozi wa wale waliotaka kuipindua serikali ya Uingereza, na Castlereagh tangu mwezi wa tatu alikua amekaimu ukatibu mkuu wa serikali hiyo hiyo. Tarehe 19 Mei wakamvamia Edward alipojificha Dublin, akapambana, afisa mmoja akapata jeraha lililomuua, na yeye akapigwa risasi ya bega. Akawekwa jela ya Newgate. Louisa akaenda kumuomba gavana ruhusa ya kumuona, gavana akakataa. Akaenda kwa Lodi Clare, mtu aliekua akichukiwa na waasi kuliko wote, na huyo Clare akampandisha kwenye gari yake akampeleka mwenyewe mpaka mlangoni, usiku wa tarehe 3 Juni, pamoja na Henry nduguye Edward. Wakamkuta anapotea na kurudi fahamu. Masaa machache baadae, alfajiri ya tarehe 4, akafariki.

Nikawa nauliza serikali gani ilimuua, jibu ni serikali ya mume wa mpwa wa mumewe. Na Louisa aliendelea kuwa mkaza mjomba wa yule na mama mdogo wa huyu, hakuna mahali pa kujivua. Kwenye chati za kawaida za ukoo hayo hayaonekani maana FitzGerald wako ukurasa wao, Stewart wa Castlereagh ukurasa wao, na Louisa ni jina dogo tu pembeni ya Conolly lenye neno "hakuzaa".

Thomas alifariki 1803, Louisa 1821, na Castletown ikaenda kwa Edward Michael, mjukuu wa dada mwengine wa Thomas, Harriet. Huyo kijana alikua Pakenham, babake ni ami yake Kitty, akabadili jina akawa Conolly ili jumba libaki na mwenye jina. Ndio hivo, nilianza na Cole nikapita kwa msichana aliemkataa Cole nikatokea sebuleni kwa Louisa.

Kuna jambo la mwisho. Mwaka 1911 Galbraith Cole alimpiga risasi akamuua Mwafrika mmoja aliemtuhumu wizi wa kondoo. Baraza la mahakama la wazungu wenzake likamuachia huru, serikali ikamfukuza nchini, alafu akarudi, na akazikwa palepale Kekopey 1929. Nasaba za hawa makabaila zinaandika hata kichanga kilichoishi siku mbili. Yule aliekufa pale Elementaita na yeye alikua na mama, na wajomba, na pengine wifi na mashemeji waliomlilia. Kwenye daftari langu, pembeni ya jina la Galbraith, nimeandika 1911 na nimeacha mstari mtupu. Kama kuna mtu wa upande wa Gilgil ambae kwao stori hiyo inasimuliwa, aniandikie.