Nyumbani kwa Dulcinea

Huko El Toboso, kijiji cha Uhispania, nilikata tiketi nikaingia nyumbani kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaliwa. Ni Dulcinea, kipenzi cha Don Quixote, yule mzee shujaa wa riwaya ya Kihispania. Hata riwayani hayupo: aliyepo ni Aldonza Lorenzo, binti wa shamba, na mzee yule alimtawaza kichwani mwake tu. Lakini nyumba anayo, tena kubwa, ina jiko na mtambo wa kukamulia zeituni. Karibu na hapo kuna makumbusho yaliyojaa nakala za riwaya hiyo kwa lugha tele, nyingine zimetiwa saini na wakuu wa nchi. Mandela yumo, Mussolini naye yumo, rafu haibagui.

La Mancha ni uwanda mkavu kusini mwa Madrid: mizabibu, mizeituni, na barabara iliyonyooka mpaka usingizi ukuchukue. Bahari hakuna. Kilichopo ni kitabu cha Miguel de Cervantes, sehemu ya kwanza 1605, ya pili 1615. Na bahati yote, nionavyo, imetoka kwenye sentensi yake ya kwanza: shujaa aliishi katika kijiji fulani cha La Mancha ambacho mwandishi hataki kulikumbuka jina lake. Angekitaja, kingekula peke yake. Kwa kuwa alinyamaza, wanadai wengi. Argamasilla de Alba wanakushusha kwenye pango la Medrano, ambako inasimuliwa kuwa Cervantes alifungwa akaanza kuandika. Villanueva de los Infantes wanajivunia wasomi waliopiga hesabu za mwendo wa Rocinante, farasi wa shujaa, na punda wa mtumishi wake Sancho, wakahitimisha kuwa kijiji ni hicho. Sikushawishika na upande wowote, wala nauli sikuijutia.

Mwaka 2005, kitabu kilipotimiza miaka 400, serikali ya jimbo la Castilla-La Mancha ilizindua Njia ya Don Quixote, kilomita zipatazo 2,500. Vibao havikosekani, basi la abiria ndilo la kutafuta.

Treni, angalau, inafika Campo de Criptana. Vinu vya upepo kumi, mfano wa vile Don Quixote alivyovishambulia akidhani ni majitu, vimesimama kilimani, na vitatu ni vya karne ya 16, mitambo yake ya mbao ikiwa bado ndani. Ngazi ni nyembamba, ukinenepa kidogo umekwama. Juu, kandokando ya jiwe la kusagia, kuna vidirisha vya kuchungulia upepo unavuma kutoka wapi. Kisha msagaji alishuka nje, akasukuma boriti refu lililozungusha paa zima pamoja na mapanga yake. Hapo Don Quixote nilimsahau kabisa, nikabaki kuuliza habari za unga.